Mpingo Mikononi mwa Nani?

Leo nawaomba tukae na mti mmoja tu, mpingo. Ukiufuata mti huu kutoka msituni Kilwa hadi kwenye kibanda cha mchongaji pale Mwenge, Dar es Salaam, na kutoka kiwanda cha mbao hadi kwenye kumbi za muziki za Ulaya, utaona jinsi mabadiliko ya miaka mia moja yalivyopita juu ya kazi za watu, juu ya ardhi yao na juu ya sanaa yao. Sisi tumezoea kuyatenganisha mambo hayo. Kazi ina wizara yake, misitu ina wakala wake, sanaa ina baraza lake. Kwa mchongaji aliyekaa chini na tezo mkononi, yote hayo ni gogo moja lililo mbele yake: limetoka wapi, limegharimu kiasi gani, na kesho atalipata wapi jingine.

Nianze na jambo linalowashangaza wengi. Kinyago cheusi cha Kimakonde, kile tunachowapa wageni wa heshima tukisema ni urithi wa mababu, ni sanaa changa. Kwamba Wamakonde ni wachongaji wa tangu na tangu, hilo halina ubishi. Lakini mababu wa uwanda wa juu wa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, walipochonga mapiko, yaani vinyago vya kuvaa kichwani katika ngoma za jando, walichagua miti laini na myepesi. Sababu yake inaeleweka. Aliyevaa lipiko alicheza, aliruka, alitikisa mabega. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu huzidi kilo 1,200, wakati maji ya ujazo huo ni kilo 1,000, na ndiyo maana kipande cha mpingo ukikitumbukiza mtoni kinazama. Hakuna anayeweza kucheza ngoma na mzigo wa namna hiyo kichwani.

Mpingo uliingia mikononi mwa mchongaji kwa njia nyingine kabisa: njia ya kibarua. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Wamakonde kwa maelfu walivuka mto Ruvuma wakikimbia kazi za shuruti na kodi za Wareno, wakaja Tanganyika kuajiriwa katika mashamba ya mkonge. Mkonge nao ulikuwa mgeni. Wajerumani waliuleta mwaka 1893. Basi mtu aliyeondoka kwao kwa sababu ya mkoloni mmoja akaja kukata jani lililoletwa na mkoloni mwingine, na alipopata nafasi nje ya saa za shamba alichonga. Wanunuzi wake hawakuwa tena wazee wa jando. Walikuwa maofisa, wamisionari, mabaharia na wenye maduka. Hao walipenda kitu kigumu, cheusi, kinachong'aa, kinachoweza kusafiri na kukaa juu ya meza miaka mingi bila kuliwa na wadudu. Msitu wa kusini mwa Tanganyika ulikuwa na mti wenye sifa zote hizo, na mchongaji akajifunza kuupiga tezo, ingawa ni mti unaochosha mkono na kumaliza makali ya chuma.

Nalisema hili kwa sababu nasikia mara nyingi watu wakilia kwamba mabadiliko yanaua sanaa zetu za asili. Sanaa hii ilizaliwa na mabadiliko. Bila mipaka ya wakoloni, bila mkonge, bila meli za wageni bandarini, leo tusingekuwa na kinyago cha mpingo hata kimoja cha kuomboleza.

Sasa sikilizeni kilichotokea mti ulipokutana na mikono hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Dar es Salaam, alikuwapo mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyeitwa Mohamed Peera. Alinunua kazi za Wamakonde na kuwahimiza wachonge kwa ubunifu wao wenyewe. Miongoni mwa waliomuuzia ni Samaki Likankoa, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani: viumbe wenye jicho moja, midomo iliyovutwa, viungo vinavyopinda na kuingiana. Mwingine ni Roberto Yakobo Sangwani, aliyeanzisha mnara wa watu waliobebana, mtu juu ya mtu, wote katika gogo moja. Mnara huo baadaye ulikuja kuitwa ujamaa, na katika nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967 jina hilo lilishika haraka. Mtindo wa tatu ni mawingu, ambamo umbo la mtu limebaki kama dokezo tu, na mwanya uliotobolewa una kazi sawa na mti uliobaki.

Ukivitazama vinyago hivi kwa makini utaona kwamba mti wenyewe ulishiriki kuvibuni. Mpingo hauoti kama msonobari. Ni mti mfupi, wenye mashina kadhaa, unaopinda, wenye mapango na nyufa ndani. Kiini chake ni cheusi chenye wekundu wa zambarau, na kimezungukwa na tabaka la manjano mpauko. Fundi wa shetani halikatai gogo lililopinda. Kupinda huko ndiko kunampa mgongo wa kiumbe chake. Tundu linakuwa jicho au tumbo. Tabaka la manjano analiacha mahali fulani makusudi, likawa nywele au vazi. Huu ni ufundi wa kusikilizana na kitu kigumu, na ninauheshimu kuliko ninavyoweza kueleza hapa redioni ambapo hamwezi kuona. Atakayepata nafasi aingie makumbusho akatazame kazi za wazee hao, akae mbele ya moja tu kwa muda mrefu.

Miaka ya 1960 ikaleta pigo. Kamba za viwandani zilizotokana na mafuta ya petroli ziliingia sokoni na bei ya mkonge ikaanguka. Ajira za mashambani zikapungua. Mwenye tezo alikuwa na pa kushika, na uchongaji, ambao kwa wengi ulikuwa kazi ya pembeni, ukawa ndio kazi. Watoto wakajifunza kwa kukaa karibu na wajomba zao: kwanza kupiga msasa, kisha tupa, kisha patasi, mwisho kukabidhiwa gogo. Ni kazi yenye vumbi linalowasha ngozi na kubana kifua, na wachongaji wengi wameifanya bila kitambaa cha kuziba pua.

Huku mchongaji akijenga maisha yake juu ya mti huu, kulikuwa na mnunuzi mwingine, tajiri zaidi na mwenye masharti tofauti. Klarineti na obo, hata zumari za mfuko za Waskoti, vyombo hivi vya kitaaluma kwa muda mrefu vimetengenezwa kwa mpingo. Ni mti uliojaa, usiopitisha unyevu kwa urahisi, unaochongeka kwa usahihi mkubwa kwenye mashine, na wapiga muziki wanaupenda kwa sauti yake. Bendi za jeshi na polisi zinazopita mbele yetu siku za sherehe zina klarineti, na ni wachache wanaojua kwamba mti bora wa chombo hicho unaota Lindi na kaskazini mwa Msumbiji. Lakini mtengenezaji wa ala anataka kipande kilichonyooka, kisicho na ufa wala fundo. Kwa jinsi mpingo unavyoota, kipande cha namna hiyo ni sehemu ndogo sana ya mti uliokatwa. Sehemu kubwa hubaki msituni au kwenye yadi ya kiwanda.

Tuliweke hili akilini: anachokitafuta mwenye klarineti, mchongaji hakihitaji sana, na anachokitupa mwenye klarineti ndicho mchongaji anachokitaka. Nitalirudia baadaye, kwa sababu ndipo nilipo na la kusema.

Mpaka mwaka 2003, msitu wa kusini ulilindwa na matope. Aliyetaka kwenda Kilwa au Lindi kwa gari alivuka mto Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea barabara ilifungwa kwa wiki nyingi. Watu wa kusini waliteseka: wagonjwa walikwama, bidhaa zilipanda bei, korosho zilichelewa. Mwezi Agosti mwaka huo likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Mimi si miongoni mwa wanaosema afadhali lisingejengwa. Watu wa kusini walistahili daraja hilo miaka mingi kabla. Lakini malori yaliyopeleka saruji na sukari kusini hayakurudi matupu. Yalirudi na magogo, na mengi yalitoka katika ardhi za vijiji ambavyo havikuambulia kitu cha maana. Mti uliochukua kati ya miaka 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa uliondoka asubuhi moja, na kijiji kikabaki na alama za matairi.

Shoka la mvunaji, hata hivyo, si adui wa kwanza wa mpingo. Adui mkubwa zaidi ni kufyeka mashamba, hasa mashamba ya ufuta. Ufuta umekuwa dhahabu ya Lindi. Unauzwa kwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, unalipa karo, unaezeka nyumba bati. Unastawi vizuri katika ardhi mpya iliyofyekwa msituni, na baada ya misimu michache mkulima husogea mbele. Mkulima huyu simlaumu hata kidogo. Ufuta unampa fedha ndani ya miezi michache. Mpingo utampa mjukuu wa mjukuu wake, kama hautaibwa. Ukitaka aache mpingo usimame, ni lazima mpingo uliosimama umlipe yeye, sasa hivi, kwa njia anayoiona.

Tena kuna moto. Kila kiangazi nyika ya kusini inawaka: moto wa wawindaji, wa wasafisha mashamba, wa wapita njia. Mpingo mkubwa huvumilia. Mche mdogo huungua hadi chini, ukachipua tena kutoka mizizini, ukaungua tena mwaka unaofuata, miaka na miaka, bila kuinuka kuwa mti. Msitu unaweza kuonekana una vichaka vingi vya mpingo ukadhani mambo ni mazuri, kumbe vichaka hivyo vina umri mkubwa na havijapata nafasi ya kukua.

Sasa niwape habari njema, nayo ni ya Kilwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliipa serikali ya kijiji haki ambayo vijiji vingi Afrika havina: kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia, kuuza mazao yake na kubaki na fedha. Haki iliyoandikwa kwenye karatasi inahitaji watu wa kuitumia. Shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative lilifanya kazi na vijiji vya Kilwa kupima misitu, kuhesabu miti, kuandika mpango wa uvunaji na kuunda kamati za doria. Mwaka 2009 misitu hiyo ikapata cheti cha FSC, cheti kinachotambulika duniani cha msitu unaosimamiwa vema, na kilikuwa cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanajamii. Kikole na Kisangi ndivyo vijiji vilivyoanza. Mnunuzi anayekuja leo katika kijiji chenye msitu wa namna hiyo anakaa kitako na halmashauri ya kijiji, anaonyeshwa miti iliyoruhusiwa, analipa bei ya kijiji. Fedha hiyo inaingia kwenye akaunti ya kijiji na mkutano mkuu unaamua: kisima, darasa, nyumba ya mkunga.

Hapo ndipo mti uliosimama ulipoanza kumlipa mtu aliyekaa karibu nao. Na ndipo pia kazi mpya zilipozaliwa: mpima msitu, mlinzi wa doria, mchoma moto wa mapema, yaani ule unaowashwa mwanzo wa kiangazi majani yakiwa bado na ubichi, usipande juu na kuua miche. Ni kazi za kijana aliyemaliza kidato cha nne na hakutaka kuondoka kijijini.

Dunia nayo ikabana. Kuanzia Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iliwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vya porini, na biashara yake ya kuvuka mipaka ikahitaji kibali. Lengo lilikuwa kuzuia ulanguzi wa miti ya jamii hiyo inayotumika kwa samani za kifahari huko Asia. Wanamuziki wakapiga kelele, kwa sababu hata ala zilizouzwa nje ya nchi zilianza kudaiwa karatasi. Mwaka 2019 wakasikilizwa: ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa katika masharti hayo. Hapa nitasema wazi kinachoniuma. Wanamuziki wana vyama, wana viwanda nyuma yao, wana wanasheria wa kuingia ukumbini katika mkutano wa CITES kule Geneva. Mchongaji wa Mwenge, ambaye jina la mti huu limetangazwa duniani kwa mikono ya watu wa kazi yake, sijasikia popote kwamba aliitwa kwenye meza hiyo.

Viwanda vya ala pia vilijibadilisha. Kampuni ya Buffet Crampon ya Ufaransa tangu miaka ya 1990 imekuwa ikitengeneza klarineti za Green Line, ambamo unga wa mpingo unaobaki kiwandani unachanganywa na nyuzi za kaboni na gundi, ukagandamizwa kuwa chombo kisichopasuka. Wamejifunza kutotupa hata vumbi. Sisi tulio na msitu bado tunaacha magogo yaliyopinda yaoze au yaishie kwenye tanuri la mkaa.

Majirani zetu wa Kenya walifika kabla yetu kwenye njia panda hii, ya mti kupungua huku wachongaji wakiuhitaji. Uchongaji wa Wakamba wa Wamunyu unaanzia kwa Mutisya Munge, aliyekuja Tanganyika katika Vita Kuu ya Kwanza, akaona wachongaji wa huku, akarudi nyumbani na ufundi huo. Watu wake wakafanya kazi kubwa, soko likawa kubwa, na mpingo wa Kenya ukaisha karibu wote. Wakahamia mti mwingine, muhugu, nao ukapungua. Ndipo wengi, pamoja na chama cha ushirika cha Akamba pale Changamwe, Mombasa, wakageukia mwarobaini na mwembe, miti inayooteshwa na wakulima mashambani na kukua haraka kuliko mpingo. Kinyago cha mwarobaini ni chepesi, ni cha rangi ya asali, na twiga au bakuli la mti huo linaweza kupendeza sana. Wachongaji wale nawapongeza; wamewalipa wakulima wa pwani kwa miti yao na wameupumzisha msitu. Lakini mnara wa ujamaa hauchongeki katika mwarobaini na kubaki vilevile. Nyuzi za mti haziruhusu vidole vyembamba, masikio, kamba za shingoni. Ukibadilisha mti, unabadilisha kinachoweza kufikiriwa.

Kwetu huku kuna njia nyingine inayotumika, na hiyo siipongezi: mti mweupe wa bei rahisi hupakwa rangi nyeusi ya viatu, ukang'arishwa na kuuzwa kwa jina la mpingo. Mnunuzi akifika kwao rangi inambakia mikononi. Anayeharibiwa jina ni yule mzee aliyechonga mpingo wa kweli kwa wiki tatu na sasa hakuna anayeiamini bei yake. Kijana anayejifunza naye akiona hivyo anauliza kwa nini ateseke, anakwenda kuendesha bodaboda, ambayo inaleta fedha jioni ileile.

Mwingine aliyeacha mti ni George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005. Alitoka kwenye uchongaji akahamia rangi. Alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, na mashetani waliokuwa wa mti akawahamishia kwenye ngozi, karatasi na turubai, wakiwa na rangi kali za samawati na machungwa, na dunia ikamjua. Aliacha mti kwa hiari ya msanii. Ninachokitaka kwa wachongaji wetu ni hiyo hiari. Anayetaka rangi ahamie rangi, anayetaka mwarobaini achukue mwarobaini, na anayetaka mpingo aupate kwa bei anayoiweza na kwa karatasi halali.

Basi nirudi pale nilipoahidi. Vijiji vya Kilwa vina msitu wenye mpango na cheti. Kiwanda kinachukua kilichonyooka. Kilichopinda kinabaki. Halmashauri za vijiji zinaweza, kwa uamuzi wa mkutano wao, kutenga fungu la magogo yaliyopinda na vipande vinavyobaki, kwa bei iliyotangazwa, kwa ajili ya vikundi vya wachongaji. Wakala wa Huduma za Misitu unaweza kutoa kibali cha fungu hilo bila kumzungusha mchongaji kama mfanyabiashara mwenye malori. Baraza la Sanaa la Taifa linaweza kuweka alama ya kinyago cha mpingo halali, mnunuzi akaijua, na rangi ya viatu ikakosa soko.

Ninyi wachongaji wa Mwenge na wa Mtwara, nawaomba msisubiri kualikwa. Jiandikisheni kama kikundi, changeni nauli, watumeni wawili wenu Kilwa wakakae na wenyeviti wa vijiji. Na wewe msikilizaji unayenunua zawadi ya harusi au ya mgeni, muulize muuzaji gogo hili limetoka kijiji gani. Akikutajia kijiji na kukuonyesha karatasi, usimpunguzie bei.